Uzima wa Nchi na Hiari ya Mtu: Kitabu cha Feierman juu ya Usambara

Kitabu cha Steven Feierman, Peasant Intellectuals, kilichopigwa chapa na Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1990, huwekwa na wengi katika rafu ya historia, na hapo huachwa. Ni hasara, kwani ndani yake mna swali ambalo siku hizi huulizwa kwa majina mengine: ni nani mwenye haki ya kumlazimisha mtu, nyumba yake, jembe lake na mwili wake, kwa ajili ya uzima wa watu wote? Wataalamu wa maadili ya tiba hulijadili kwa mifano ya London na Marekani. Feierman alilikuta Usambara, vinywani mwa wakulima.

Kitabu chote kimesimama juu ya maneno mawili ya Kishambaa: kuzifya shi, ambayo mwandishi ameyafasiri kuwa ni kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari na neno hili la pili, lisije likamfikirisha mlango au kidole. Liko karibu zaidi na kubananga, neno la zamani lenye maana ya kuharibu. Shi nayo ni nchi yenyewe, lakini ni nchi pamoja na mvua yake, mazao yake na watu wanaozaliwa juu yake. Kwa hiyo mfalme wa Vugha hakusifiwa kwa haki zake, bali kwa mvua. Nguvu ikiwa moja, nchi hupona. Nguvu ikishindana na nguvu, njaa huingia.

Sura zilizo bora kabisa ni zile zinazohusu matuta. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikaueneza katika milima mingine. Watu walitakiwa walime matuta katika miteremko mikali, na aliyekataa alishtakiwa na kutozwa faini. Hapana shaka udongo ulikuwa ukimomonyoka. Bwana shamba hakusema uongo. Walakini Feierman ameonyesha, kwa subira ambayo si waandishi wengi walio nayo, kwamba waliokataa hawakuwa wajinga wa jambo hilo. Walipima kazi iliyoongezwa juu ya migongo yao. Walipima pia hatari iliyowakabili masikini waliozoea kuazimwa vishamba na jirani zao. Mazumbe waliosimamia amri wakaonekana kuwa ndio hasa wanaoidhuru nchi. Kabla uhuru haujafika mwaka 1961, mpango ulikuwa umekwisha kuachwa. Amri iliyotolewa kwa jina la uzima ilijibiwa kwa jina la uzima, wala haikujibiwa kwa jina la ukaidi.

Hapo ndipo pa nguvu ya kitabu, na hapo hapo ndipo pa udhaifu wake. Ikiwa hoja zote mbili zinasemwa kwa lugha ya kuiponya nchi, mtu mmoja aliye peke yake atasema kwa lugha gani? Kamusi za Kiswahili zinalo neno kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Katika makabila kadha mtoto huyo aliuawa, kwa kuwa alidhaniwa kuwa na nuhusi kwa jamaa zake. Hao waliomuua hawakujiona waovu; walijiona wanaponya. Feierman, katika sura yake juu ya utumwa na hali ya wanawake, anaukaribia mlango huu, akagusa kitasa, kisha akarudi kwa mazumbe na siasa zao. Angeingia, angaliona kwamba nadharia ya nguvu moja ni tamu kwa aliye nayo.

Jambo hili si la kale. Tangu 1980 hadi mwanzo wa karne hii tauni iliwashika watu zaidi ya 7,000 katika wilaya ya Lushoto, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa uwezo wa kuingia nyumbani na kumtenga mgonjwa. Kwa tauni ni vigumu kumlaumu, maana viroboto havitambui mpaka wa ua. Lakini kiko kifungu cha sheria ambacho hakina kiroboto. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtishia mwanamke atoaye mimba yake kifungo cha miaka 7, na anayemtoa mimba miaka 14. Kifungu cha 230 humkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama. Asili ya maneno hayo ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, wakati ambapo Kimweri ye Nyumbai alikuwa bado hai Vugha. Naye, kwa hesabu ya Feierman mwenyewe, alifariki 1862. Waingereza walilegeza sheria yao mwaka 1967. Nakala imebaki Tanzania. Tena mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, ambayo inataja pia kubakwa, maharimu, na afya ya mwili na ya akili ya mama.

Basi nguvu mbili zinakabiliana juu ya mwili mmoja, na Mshambaa wa kale angelijua jina la hali hiyo. Itifaki inasema kwa lugha ya haki. Kanuni inasema kwa lugha ya jinai. Wala moja haisemi kwa lugha ambayo bibi wa Mlalo hutumia anapomshauri mjukuu wake. Mtafiti atakayefuata nyayo za Feierman hana budi kuanza na shauri hilo la jikoni, ayaandike maneno yake kama yalivyotamkwa, na aulize ni nani, kati ya mganga, mume na hakimu, anayeamua kwamba nia ilikuwa njema.