Sura Mbili Kando ya Ruvuma: Uhakiki wa Picha ya Mume na Mke

Sanaa tunazozihakiki katika shule zetu ni nyingi: mashairi, riwaya, tamthilia, ngoma, na vinyago. Sanaa ya picha, ambayo imeingia katika nyumba za mijini na vijijini, hatuihakiki. Picha ya mume na mke iliyotundikwa ukutani huitazama mgeni, naye huitazama, kisha husema tu kwamba ni nzuri au kwamba haikutoka vizuri. Nini kilichoifanya nzuri, na nani aliyeamua uzuri huo uweje, ni maswali yasiyoulizwa. Katika makala haya nakusudia kuyauliza kwa kuihakiki picha moja, au tuseme picha tatu za watu wawili wale wale, zilizopigwa Mahurunga.

Mahurunga ni kata ya Wilaya ya Mtwara, karibu na mahali Mto Ruvuma unapoelekea kuingia baharini. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Wenye picha ni wazee wawili, Babu na Bibi, walioishi pamoja miaka mingi. Babu amevaa kanzu nyeupe na kofia. Bibi amejitanda khanga, na usoni ana nembo za Kimakonde, zile chale ambazo leo huonekana kwa wazee tu. Mpigaji ni mjukuu wao, mwenye simu ya mkononi, aliyetaka kuwapelekea jamaa walioko mjini sura za wazee wao.

Picha ya kwanza ilipigwa adhuhuri, ukingoni mwa mto. Mto umetoka vizuri sana: maji yanameta, mchanga ni mweupe, mbingu ni pana. Wazee ndio hawakutoka. Nyuso zao ni mabaka mawili meusi juu ya nguo. Macho ya Babu ni mashimo, na nembo za Bibi hazionekani kabisa.

Mjukuu alidhani kosa ni weusi wa wazee wake. Hapa ndipo uhakiki unapoanza, kwani kosa halikuwa la ngozi hata kidogo. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera, kikiachwa peke yake, hakijui kwamba kinatazama watu. Hukisia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina rangi ya kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikiona mchanga, maji na kanzu nyeupe, hudhani mwanga umezidi, nacho huupunguza. Mto huokolewa, watu huzama. Tena Mahurunga iko kiasi cha nyuzi kumi na nusu kusini mwa ikweta; mnamo Februari na Oktoba jua la mchana husimama utosini. Jua la namna hiyo huangaza paji la uso na pua, likayaacha macho gizani, awe mtu mweusi au mweupe.

Hata hivyo, dhana ya mjukuu kwamba weusi ni kosa haikuzuka kwake. Ina historia. Katika miaka ya 1950 na iliyofuata, maabara za kusafisha picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Ikiwa ngozi ya Shirley ilitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika makala yake ya mwaka 2009, ameeleza kwamba kampuni ya Kodak ilisukumwa kurekebisha filamu zake kwa sehemu kubwa na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya giza hazikutofautiana vema pichani. Msomaji na alizingatie jambo hilo. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu.

Tuje kwenye picha ya pili. Mjukuu, akitaka kuitengeneza ile ya kwanza, aliipitisha katika programu ya kuhariri picha iliyomo simuni. Kwa kugusa mara moja tu nyuso zikang'aa. Ngozi ikawa nyororo kama ya mtoto, pua zikapungua upana, na weusi ukageuka kuwa maji ya kunde. Mikunjo ya Babu ikatoweka. Nembo za Bibi, ambazo programu ilizihesabu kuwa madoa, zikafutwa zote. Alipoonyeshwa, Bibi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza:

"Mjukuu wangu, huyu mwanamke aliyekaa na babu yako umemtoa wapi?"

Babu alicheka, lakini Bibi hakucheka. Akaendelea: "Nembo hizi nilizililia nilipokuwa binti. Wewe umezifuta kwa kidole."

Sioni uhakiki wa picha hiyo unaoweza kuyazidi maneno hayo. Picha ya kwanza iliwaficha wazee; ya pili iliwaondoa, ikaweka wengine mahali pao. Aliyefichwa aweza kutafutwa. Aliyebadilishwa hatafutwi, kwa kuwa hakuna ajuaye kwamba hayupo. Baada ya miaka hamsini, kitukuu akiiona picha hiyo ataamini kwamba ukoo wake haukuwa na nembo, na kwamba bibi yake alikuwa na uso usio na habari yoyote.

Wako watakaosema kwamba picha ni mali ya mwenyewe, na akitaka kung'aa, ang'ae. Ni kweli, lakini mwenyewe hapa ni Bibi, naye hakuulizwa. Zaidi ya hayo, Serikali yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kwa sababu ya madhara yake mwilini. Programu haiunguzi ngozi. Lakini fikra inayomfundisha kijana kwamba uso uliofanikiwa ni uso uliopaushwa ni ile ile.

Wala isidhaniwe kwamba nalaumu kila uhariri. Kuitia picha mkono si jambo geni katika pwani yetu. Omar Said Bakor wa Lamu alikata picha na kuziunganisha kwa mikono yake, akazua sura za ajabu zilizowafurahisha wateja wake. Yeye hakumdanganya mtu: kila aliyeona alijua kwamba huo ni mchezo wa sanaa. Picha ya pili ya Mahurunga ni uongo kwa sababu inajidai kuwa kumbukumbu.

Picha ya tatu ilipigwa siku nyingine, saa kumi jioni. Wazee waliketi pembeni mwa kivuli cha mwembe, wakielekea uwazi wa mbingu, na nyuma yao ikawa mikorosho badala ya mto. Shuka jeupe lilitandazwa chini mbele yao ili lirudishe mwanga usoni. Mjukuu alirudi nyuma hatua chache, kwani lenzi pana ikisogezwa karibu mno huvimbisha pua na kuyasukuma masikio nyuma. Akagusa uso wa Bibi kwenye kioo cha simu, ili kipimo cha mwanga kichukuliwe hapo na si kwenye kanzu, akaongeza mwanga kidogo. Mwenye kamera ya kurekebishwa kwa mkono angeweza kuanza na tundu la f/5.6 na kasi ya 1/125 ya sekunde, akipandisha ISO kadiri mwanga unavyopungua.

Tundu hilo lina maana maalumu kwa picha ya watu wawili. Tundu likifunguliwa sana, mmoja huonekana wazi na mwenzake huwa ukungu, hasa wakikaa kwa mtindo wa zamani wa studio: mume kitini, mke amesimama nyuma yake. Hapo kamera hulazimika kuchagua nani awe mkuu wa picha. Mahurunga wazee waliketi bega kwa bega kwenye mkeka mmoja, umbali mmoja na lenzi, na wote wawili wakatoka wazi. Mpango wa viti nao ni msimamo juu ya ndoa.

Uhariri ulifanyika pia, lakini mdogo. Majani ya mwembe yalikuwa yametia ukijani nyusoni, ukaondolewa kwa kuongeza ujoto wa rangi kidogo na kuegemeza rangi mbali na kijani. Sehemu za kivuli ziliinuliwa kiasi. Ngozi haikulainishwa, na picha ya asili ilihifadhiwa. Matokeo yake ni weusi wenye mng'aro, unaotofautiana kati ya Babu na Bibi, na nembo zinazosomeka mstari kwa mstari.

Wamakonde wanaujua weusi huo tangu zamani. Gogo la mpingo lina ganda, kisha mti mweupe mwembamba, na ndani yake moyo mweusi. Mchongaji huondoa weupe mpaka aufikie weusi, kisha huusugua ung'ae. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa mpingo, kipande cha mti cha ndani ndicho uzuri wenyewe. Programu ile ya simu ilifanya kazi ya mchongaji kinyume: ilianza na moyo, ikaupaka weupe.

Walimu wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Wanafunzi na walete picha za wazee wao, wazitazame kwa maswali matatu: Mwanga umepimwa kwa ajili ya nani? Kilichofutwa kilikuwa doa au kilikuwa habari? Mwenye sura akiona, atajitambua?

Picha ya tatu imetundikwa Mahurunga. Bibi alipoletewa, alipitisha kidole juu ya nembo zake kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Huyu ndiye."