Mashine Yenye Nyundo Tumboni

Fundi wangu haamini maandishi ya kwenye boksi. Tulipoingia duka la vifaa vya ujenzi pale Lushoto mjini, kijana wa dukani alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," kisha akatupangia mezani mashine tatu za chaji za kufungia skrubu, zile ambazo mafundi wengine huziita impakti. Moja ilikuwa imeandikwa volti 21, ya pili 48, ya tatu 128. Kijana akaanza kuisifia hiyo ya 128, yenye namba kubwa kuliko zote na, cha ajabu, bei ndogo kuliko zote. Fundi akaichomoa betri, akaipima kiganjani kama mama anavyopima parachichi gulioni, akaiweka. Akachukua betri ya ile ya 21, akafanya vilevile.

"Hizi ni ndugu wa tumbo moja," akasema.

Nilikuwa nimemwomba anisindikize kwa sababu banda langu la ng'ombe, kule njia ya Magamba, lilikuwa limeanza kuvuja, hori limelegea, na vuli haikuwa mbali. Mashine niliyoitaka ni ya bei nafuu, ya kubaki nyumbani: leo bati, kesho bawaba za lango, siku nyingine kitanda cha mtoto. Nilidhani kazi ya kuichagua ingetuchukua dakika kumi. Ilitumalizia asubuhi nzima, na sikujuta hata kidogo, maana sijawahi kuona mtu akiiuliza mashine maswali kwa utulivu namna ile.

Habari ya volti fundi ameijua kwa kufungua betri zilizokufa. Ndani hukuta vijiwe vya mviringo, vinene kidogo kuliko betri za tochi, vya milimita 18 kwa 65. Vitano vikiunganishwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kina volti 3.6, jumla ni 18. Vikijaa chaji kabisa kila kimoja hufika 4.2, na hapo unapata 21. Kwa hiyo mashine ya 18, ya 20 na ya 21 mara nyingi ni kitu kilekile kilichopimwa saa tofauti. Hizo 48, 88 na 128 za mashine za bei ya chini kwa kawaida ni jina tu, na linakwambia juu ya nguvu kiasi kilekile ambacho jina lililochorwa nyuma ya basi linakwambia juu ya injini. Cha kuuliza ni ampea-saa. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 imebeba wati-saa 36; yenye 4 imebeba 72, na kwa kuwa huwa imeongezewa vijiwe, mkono utauona uzito. Ndiyo maana alikuwa akipima kwa kiganja.

Kisha akaanza kuziuliza mashine zenyewe. Aliingiza biti mdomoni mwa kila moja, akaishika ncha kwa vidole viwili, akaitikisa. Kucheza kidogo kupo kwa mashine zote za namna hii, lakini moja ilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, akaisogeza pembeni. Akaja kwenye swichi. Aliibonyeza polepole mno, hata nikadhani haijaguswa, mpaka biti ikaanza kuzunguka kwa uvivu, mizunguko ambayo ungeweza kuihesabu. Akaongeza, ikaongeza. Akaachia, ikasimama papo hapo. Ile ya 128 haikujua polepole: ilikuwa imelala, halafu ghafla ikawa inakimbia. "Hii haina adabu," akasema. Mimi ningeziona zote ni mashine zinazozunguka.

Halafu akatoa mfukoni mwa koti kipande cha mkaratusi mkavu, skrubu tatu za inchi tatu, na kipande cha sabuni ya mche kilichochakaa. Milima hii ya Lushoto iliwahi kuwa na mbao za kubembeleza. Mwangati wa Shume, ambao Wajerumani waliuteremsha kwa waya hadi Mkumbara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ni mti laini unaofaa hata kwa penseli. Siku hizi kwenye banda utakuta sipresi, mgrevilea na mkaratusi, na mkaratusi ukishakauka huipokea skrubu kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Fundi akaiburuza skrubu ya kwanza kwenye sabuni, akaisimamisha, akaegemeza mashine nyuma yake kwa uzito wa bega wala si wa mkono, akabonyeza.

Mwanzoni ulikuwa mvumo tu. Skrubu ilipofika nusu, mti ukaanza kuibana, sauti ikabadilika: ta-ta-ta-ta-ta, kavu, kama mtu anayegonga sufuria kwa haraka. Wateja wengine waligeuka. Skrubu ikaendelea kuzama bila mkono wa fundi kutikisika, kichwa kikalingana na mti, akaachia. Akainusa mashine. Akachungulia matundu ya ubavuni wakati inazunguka: cheche ndogo za samawati ni kawaida kwa mota yenye kaboni, ila pete ya moto mwekundu ingemfanya airudishe.

Kinachogonga mle ndani kinastahili kutajwa. Mbele ya mota kuna chuma kizito kinachosukumwa na springi, hicho ni nyundo. Mbele yake kuna kipande chenye masikio mawili kinachoshika biti, hicho ni fuawe. Skrubu ikikubali, nyundo na fuawe huzunguka pamoja kama watu walioshikana mikono. Ikigoma, fuawe husimama, nyundo hurudi nyuma ikiikandamiza springi, hupita juu ya yale masikio, na springi huirusha mbele iyapige kwa ubavu. Mashine ndogo ya kawaida hufanya hivyo zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, Upareni, ukoo wa Washana ulisifika kwa kufua chuma, na majembe yao yalivuka hadi huku kwa Wasambaa. Hao wangezielewa nyundo na fuawe hizi bila mkalimani.

Faida yake ni kwamba kishindo kinaishia kwenye skrubu. Drili ya kawaida ya chaji skrubu ikigoma hukupinda wewe kifundo cha mkono, na ukiwa juu ya ngazi jambo hilo si mzaha. Mwaka 1961 Black & Decker walitoa drili ya betri, na katika miaka hiyohiyo wakaombwa watengeneze, kwa ajili ya safari za Gemini za Marekani, kifaa cha kufungia nati ambacho kisingemzungusha mwanaanga anayeelea. Tatizo la yule aliye angani na la huyu anayening'inia kwenye papi za banda lenye utelezi wa ukungu ni moja.

Tuliichukua ya volti 21. Namba ya nguvu ya msokoto iliyoandikwa kwenye boksi hakuitazama. Kwa bati na mbao, alisema, yoyote inayozidi nyutoni-mita 100 inatosha, na nati za gurudumu la Fuso hazikuwahi kuwa kazi yake. Mota ya kaboni aliikubali kwa kuwa ubavuni kulikuwa na vifuniko viwili vidogo vya kubadilishia kaboni zikiisha. Alichogombania hasa ni betri ya pili. Kijana alitaka kutupa boksi lenye biti arobaini kama zawadi; fundi akamwambia, "Mwanangu, hizo biti wape watoto wachezee. Tupunguzie kwenye betri." Wakavutana kwa heshima mpaka wakaelewana, fundi akashukuru kwa Kisambaa, "Hongea," tukatoka.

Juu ya banda ndipo nilipoona sababu ya kuitafuta swichi yenye adabu. Skrubu ya bati ina washa ya mpira chini ya kichwa, na mpira huo ndio unaozuia maji. Ukiilegeza, maji yanapita chini yake. Ukiibana mno, mpira unajikunja na kupasuka, na jua la Januari linaumaliza. Fundi aliweka soketi ya milimita 8 yenye sumaku, akainasa skrubu kichwani, akaitua juu ya mgongo wa bati mahali papi inapopita, akabonyeza kidogo mpaka ncha ikatoboa, akaongeza, na mara iliposikika ta-ta akaachia. Mpira ulikuwa umechungulia kando ya washa kwa unene wa kucha, pande zote sawasawa. Akahamia inayofuata, na nyingine, na nyingine. Nilizipitia baadaye kwa kidole safu nzima, sikuipata iliyozidi wala iliyopungua.

Nikaomba nijaribu. Akanipisha bila neno, akashuka kushika ngazi. "Ukiisikia ta ya kwanza," alinipandishia sauti, "anza kuaga." Niliisikia. Nikaaga nikiwa nimechelewa, kama wageni wa kwetu wanaoaga mlangoni kwa nusu saa. Nilifunga sita, na nilijiona fundi.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya nne, usiku. Nilikwenda bandani na tochi, nikakuta hori kavu na ng'ombe amesimama upande mmoja wa banda, akikwepa tone lililokuwa likidondoka palepale, taratibu, kutoka kwenye skrubu yangu ya tatu.

Asubuhi fundi alipita akielekea kazini. Hakucheka. Mashine ilikuwa ndani, betri zote mbili tupu kwa sababu ya utundu wangu wa jana yake, na umeme haukuwa umerudi. Akapanda na spana ya kawaida, akaifungua skrubu, akakata kiduara kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akakitoboa kwa msumari, akakivisha. Aliirudishia kwa mkono, robo mzunguko, robo nyingine, akasimama, akaweka sikio karibu na bati kana kwamba mashine ingali inagonga, akaongeza kidogo tena, akashuka.