Smurf Asiye na Jina: Katuni Kongwe Ikifufuliwa kwa Tarakilishi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, nitaanza na insha moja niliyoisahihisha. Mwanafunzi alieleza tukio kwa ufasaha. Alimtaja msemaji na msemewa, akaonyesha hata jinsi mhusika alivyoangua kilio. Ila palikuwa na kasoro moja: tukio lenyewe halimo katika tamthilia. Alilitoa katika onyesho la kundi la waigizaji lililozuru shule, nalo lilikuwa limelichomeka ili kuuchekesha ukumbi. Nilimpa sufuri. Akaja kuniuliza: "Kwani mwalimu, ile si tamthilia ileile?"

Siku hiyo sikuwa na jibu la kuridhisha. Kazi inapotoka umbo moja na kuingia jingine, kipi huifanya ibaki kuwa "ileile"? Nimelitafuta jibu mbali kidogo, katika katuni ya watoto, na nakuomba uvumilie safari hiyo. Mfano wa mbali una faida moja: hauna mwongozo wa majibu uliokwisha kuandikwa, kwa hivyo itatubidi tuusome wenyewe.

Katuni yenyewe ni ya wale viumbe wadogo wa rangi ya buluu wanaoitwa Smurfs. Walibuniwa na mchoraji Mbelgiji Pierre Culliford, aliyejulikana kwa jina la Peyo (1928–1992). Walijitokeza mara ya kwanza katika jarida la Spirou mnamo Oktoba 1958, na walikuwa wahusika wadogo tu katika hadithi ya vibonzo isiyokuwa yao. Wasomaji waliwapenda, wakapewa hadithi zao. Mwaka wa 1981 kampuni ya Marekani ya Hanna-Barbera iliwageuza kuwa katuni ya runinga, ikaonyeshwa na shirika la NBC hadi 1989. Hiyo ndiyo katuni ambayo watu wengi wa rika langu wanaikumbuka. Kisha mwaka wa 2021 ukaja mfululizo mpya, uliotengenezwa kwa tarakilishi na kuanza kuonyeshwa nchini Ubelgiji mwezi wa Aprili. Msimu wake wa kwanza una vipindi 52 vya dakika 11 kila kimoja.

Kwa hivyo tuna matini tatu: ya karatasi, ya mkono wa mchoraji wa runinga, na ya tarakilishi. Hukumu ya haraka, ambayo nimeisikia hata kwa walimu, ni kwamba ile ya kwanza ndiyo yenye kina na ya mwisho ni mapambo matupu. Hukumu hiyo haisimami, na nitajaribu kuonyesha kwa nini.

Tuanze na hadithi ninayoiona kuwa bora kuliko zote za Peyo, Le Schtroumpfissime, ambayo aliitunga pamoja na Yvan Delporte mnamo 1964. Mzee wa kijiji, Papa Smurf, anasafiri. Wanaobaki wanaamua kumchagua wa kushika nafasi yake kwa kura, lakini kila mmoja anataka kujipigia kura mwenyewe. Smurf mmoja anang'amua ujanja: anamzungukia kila mwanakijiji na kumwahidi kile anachokitamani. Anashinda. Mara anavaa mavazi ya dhahabu, anaanza kuitwa kwa jina la enzi, anajengewa kasri kwa jasho la wenzake na kuunda kikosi cha walinzi. Yule mcheshi anayegawa zawadi zinazolipuka anatiwa gerezani. Wengine wanakimbilia msituni, na kijiji kinaishia vitani. Papa Smurf anarudi, anakuta magofu, na anawakemea kwamba wamejifanya kama binadamu.

Mtahiniwa aliyesoma Kigogo ya Pauline Kea, au Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Kawegere, hatahitaji kuelezwa kuwa hii ni tashtiti. (Nalitumia neno hili kwa maana ya kazi inayoumbua maovu kwa kicheko, wala si lile swali la balagha ambalo baadhi ya vitabu vya darasani hulipa jina hilo.) Lakini swali la mhakiki ni hili: makali ya tashtiti hii yanatoka wapi? Hayatoki katika kura wala katika kasri. Yanatoka katika jambo ambalo msomaji wa haraka halioni: huyo mtawala hana jina.

Zingatia usawiri wa wahusika katika kijiji hiki. Takriban wote wana majina ya kimajazi. Yupo wa nguvu, yupo mvivu, yupo wa kununa. Yupo mvaa miwani anayejidai kujua kila kitu. Kwa Kifaransa jina lake linataja miwani tu, ila kwa Kiingereza aliitwa Brainy, yaani mwenye akili, na hapo majazi yakageuka kuwa kinaya. Mtawala wa Peyo hamo katika orodha hiyo. Kabla ya uchaguzi alikuwa Smurf tu, sura yake sawa na ya wenzake mia moja. Hana ila inayomtambulisha. Kwa sababu hiyo dhamira inatugusa sote: udikteta si kilema cha mtu fulani aliyezaliwa mbaya, bali ni jambo ambalo jirani yeyote anaweza kulitenda akipewa nafasi na wapigaji kura wenye tamaa.

Hanna-Barbera walipoitengeneza hadithi hii mnamo 1981 walimkalisha Brainy kitini. Unaona walichokifanya? Kwa mtazamo wa runinga ni uamuzi wa busara, kwa kuwa mtoto anamjua Brainy, anaijua sauti yake na anasubiri aanguke. Lakini papo hapo kosa limehamishwa kutoka kwa jamii na kutwikwa mtu mmoja. Mtazamaji anasema, "Brainy kazidi," kisha anakwenda zake. Ploti ni ileile, ila tashtiti imekuwa kichekesho cha tabia.

Zingatia mwaka. Jino hili liling'olewa 1981, kwa kalamu na rangi, miaka 40 kabla ya mfululizo wa tarakilishi. Anayesema kuwa tarakilishi ndiyo iliyoipunguzia kazi hii kina hajaisoma historia yake.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana si kila badiliko ni hasara. Mwaka wa 1966 Peyo alimuumba Smurfette, mwanamke pekee kijijini. Anaumbwa na mchawi Gargamel, adui wa Smurfs, ili alete fitina miongoni mwao. Anakuja na nywele nyeusi na kuwachosha wote. Papa Smurf anamgeuza kwa uganga wake, anakuwa mrembo wa nywele za dhahabu, na wote wanamgombania. Mwishowe anaondoka kijijini kwa hiari yake, kwa kuwa anaona kuwepo kwake kunavuruga amani. Mapishi ya mchawi yanayoorodhesha viungo vya kumuumba mwanamke ni kejeli chungu kwa wanawake. Hata Peyo alihisi hivyo, kwani aliweka tanbihi ya mzaha kwamba anayewajibika kwa maneno hayo ni mwandishi wa kitabu cha uchawi. Mtahiniwa, angalia vizuri: hapa mtunzi anajitenga na sauti iliyomo katika kazi yake. Je, kujitenga huko kunatosha? Mimi naona hakutoshi, kwa sababu ploti nzima inatenda kile ambacho tanbihi inakikana.

Ni runinga iliyomfanya Smurfette mkazi wa kudumu, ila ilimwacha peke yake miaka kadhaa, hadi 1985 alipoongezewa msichana mdogo aitwaye Sassette. Mnamo 1991 Katha Pollitt aliandika katika gazeti la New York Times kuhusu vipindi vya watoto vyenye kundi la wavulana na msichana mmoja tu, ambaye sifa yake pekee ni kuwa msichana. Hali hiyo aliipa jina la Smurfette. Ni nadra mhusika wa katuni kuwa istilahi ya uhakiki wa kijinsia!

Filamu ya 2017 ilikuja na kijiji kingine, kilichojaa wanawake watupu, na mfululizo wa 2021 ukawachukua wahusika hao: Willow, mzee wao mwenye busara, Storm mpenda mapambano, na wenzao. Matokeo yake yanamfaidi zaidi Smurfette mwenyewe. Akiwa peke yake alilazimika kubeba uanamke wote begani. Akizungukwa na wanawake wenye hulka tofauti, anaweza hatimaye kuwa mtu mmoja: jasiri hapa, mkaidi pale, anayekosea na kucheka. Hili halikuwezekana katika matini ya 1966. Naomba tuliite kwa jina lake: ni uhakiki, ila umefanywa kwa kutunga badala ya kuandika makala kama haya.

Kuna badiliko la tatu, ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita. Hadithi ya 1959 inasimulia juu ya nzi anayemuuma Smurf mkiani. Aliyeumwa anageuka mweusi, anapoteza akili na lugha, na kuanza kuwauma wenzake. Runinga ya Marekani ilibadilisha weusi ukawa zambarau, na kitabu kilipotolewa kwa Kiingereza huko Marekani mnamo 2010 kilifuata rangi hiyo. Ploti haikupoteza hata chembe. Maradhi ni yaleyale, taharuki ni ileile, kwani hakuna tukio linalotegemea weusi. Linganisha na kiti cha mtawala asiye na jina: pale kilichoguswa ni nguzo, hapa kilichoguswa ni chokaa ya ukuta. Naona hiki ndicho kipimo ambacho sikuwa nacho siku ile ya sufuri. Badiliko lipimwe kwa kuuliza kile kilichobadilishwa kilikuwa kimebeba nini.

Je, tarakilishi yenyewe imebadilisha kipi? Peyo alichora kwa wino, mstari mnene na safi. Katika mfululizo mpya fundi hufinyanga mwili mzima, mbele na nyuma, akautia viungo vya kuuchezesha kama mwanasesere, kisha mwanga ukaangushwa juu yake. Faida ni kubwa: msitu una kina, uyoga una kivuli, na mtazamaji anahisi udogo wa viumbe hawa kwa namna ambayo ukurasa hauwezi kuionyesha. Hasara iko katika muda. Dakika 11 zinatosha kisa cha tukio moja na kicheko chake, hazitoshi kumpandisha dikteta na kumwangusha. Katika muda huo mhusika hana budi kutambulika mara tu anapoingia. Kwa hivyo wenye majazi ndio wanaotamba, na yule Smurf wa hivihivi, asiye na miwani wala misuli, anabaki kujaza uwanja. Hilo, kwangu, ndilo pungufu kubwa la mfululizo wa 2021, na ni pungufu la urefu wa kipindi kuliko la mashine.

Nikurudie, mtahiniwa. Swali la kitabu teule hujibiwa kwa kitabu teule. Onyesho litazame, ufurahi, na likusaidie kukumbuka. Lakini kila unachotaka kukiandika, kitafute kwanza katika kurasa. Usipokipata, jiulize kwa nini waigizaji walikiongeza. Jibu la swali hilo halitakupa alama katika karatasi ya tatu, ila litakufundisha kuhakiki kuliko muhtasari wowote unaouzwa mjini.

Nimeacha lugha hadi mwisho kwa sababu ndiyo inayonifurahisha. Inasimuliwa kuwa mnamo 1957 Peyo alikuwa akila na mchoraji mwenzake André Franquin. Alitaka chumvi, neno likampotea, akasema apewe ile "schtroumpf". Franquin akajibu kwa neno hilohilo, wakaendelea hivyo kwa mzaha. Wafasiri wa Kiholanzi walilifanya "smurf", nalo Kiingereza kikalichukua. Viumbe hawa hulitumia kama nomino na kama kitenzi, na msikilizaji huelewa kwa muktadha.

Niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu neno hilo lingetafsiriwaje. Kwanza walikimbilia kulibandika viambishi: tutasmurfu, wamesmurfiana. Mnyambuliko ulikaa sawasawa, lakini hakuna aliyecheka. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema kwamba nyumbani kwao bibi yake akisahau jina la kitu husema, "Niletee ile nanii." Darasa zima likalipuka. Tangu siku hiyo nikiuliza nani hajamaliza zoezi, naambiwa, "Mwalimu, tulilinanii jana, ila daftari limenaniika."