Sifa za Fundi Bati wa Ujiji

Miongoni mwa kazi za mikono zilizowatumikia wakazi wa Ujiji na Kigoma kabla umeme haujaenea, ufundi wa bati unastahili sifa kubwa kuliko unazopewa, kwani koroboi, yaani taa ndogo ya mafuta yenye utambi ulio wazi, iliwaangazia wanafunzi na wachuuzi wa dagaa bila aliyeiunda kutajwa.

Fundi hufumua debe kuukuu, hulinyoosha kwa nyundo juu ya pande la chuma, huchora kwa ncha ya msumari, kisha hukata kwa mkasi nje kidogo ya mchoro, akibakiza ukingo wa kukunja ili kingo mbili zishikane zisivuje. Mdomo wa utambi hulehemiwa, yaani huunganishwa kwa risasi iliyoyeyushwa, na vipande vinavyosalia hugeuzwa mishikio, maana kwake bati halina takataka.

Mwambao wa Ujiji na Kigoma una ushahidi mkubwa wa kazi ya mkono. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa na kuunganishwa Kigoma kwa ribiti, yaani misumari minene inayopenyezwa ikiwa ya moto na kupondwa kichwa. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, nayo ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927, na ikabeba abiria hadi karne ya 21.

Viwandani sasa bati hukatwa kwa leza ya nyuzi za kioo, ambayo mwanga wake hukuzwa ndani ya uzi wa kioo uliotiwa madini ya iterbiamu, ukakusanywa na lenzi kuwa nukta nyembamba inayoyeyusha chuma, huku naitrojeni ikipuliza uji wa chuma nje ya mkato, au oksijeni ikiongeza moto. Kompyuta huongoza kichwa cha mashine kwa mchoro, na mkato hutoka safi kuliko wa mkasi wowote.

Usafi huo haupingiki. Kinachosikitisha ni uzembe wa zama zinazonunua ndoo ya plastiki, zikaitupa inapopasuka, na kumwacha fundi bila mwanagenzi wa kumrithisha mkono wake, kwa kuwa mashine huhifadhi mchoro wa kitu kipya, lakini haimfundishi mtu kukitazama kilichotoboka akajua pa kukiziba, na ujuzi huo, akishazikwa mwenyewe, hauna debe la kufumuliwa ili uundwe upya.