Mwacheni Atetemeke

Mahafali ya kidato cha nne hayaendi bila risala, iwe Vwawa, Ileje au Tunduma. Mwanafunzi mmoja, sare imenyooshwa kwa pasi, anaitwa mbele ya mgeni rasmi. Anafungua karatasi, na karatasi inaanza kutetemeka. Kipaza sauti nacho hakina siri: mchakacho wake unasikika hadi kwa waliokaa nyuma kabisa. Wenye huruma wanapaza sauti, "Usiogope!" Sijaona bado mtu aliyeacha kuogopa kwa sababu ameambiwa asiogope.

Mwalimu anayeujua ufundi huu hasemi hivyo. Anampa mtoto jalada gumu la kuwekea karatasi, anamwambia asimame miguu imeachana kidogo, na aya ya kwanza aihifadhi. Hofu ipo palepale. Imenyimwa tu kitu cha kutikisa.

Mwili ukiona macho mengi yameuelekea, humwaga adrenalini, ileile ya kumkimbia nyoka. Moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, pumzi inakuwa fupi. Kupambana na hali hiyo ni kujichosha bure. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba waliojiambia kuwa wamesisimka kabla ya kuhutubia walizungumza vizuri kuliko waliojiambia watulie. Madereva wa malori wanaoshuka mteremko wa Iwambi, jirani na Mbalizi, wangemwelewa upesi. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, halafu zinagoma. Unashuka kwa gia ndogo, injini yenyewe ilishike gari.

Gia ndogo ya msemaji wa Kiswahili ni salamu. Mtazame MC wa harusi Tunduma. Ukumbini mwake wamo Wanyamwanga wa pande zote mbili za mpaka, Wanyiha kutoka Mbozi, Wakinga wenye maduka, na ndugu waliovuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, ambao Kibemba kinawakaa vizuri zaidi mdomoni. Anashika kipaza sauti: "Bwana Yesu asifiwe!" Ukumbi unaitikia, "Amen!" "Asalaam aleikum!" Wanaitikia wengine. Kisha, "Mwapoleni mukwai!" na meza za Nakonde zinalipuka kwa vigelegele. Hajasema neno lolote la maana. Lakini amekwisha kuvuta pumzi mara tatu, ameisikia sauti yake ikitoka kwenye spika, amejua meza ipi imechangamka na ipi imenuna. Na watu aliokuwa akiwaogopa wamemjibu.

Ndiyo maana siipendi ile "itifaki imezingatiwa". Najua inaokoa muda, hasa jukwaa likijaa waheshimiwa na jua likiwa kali. Mzoefu aitumie. Mwenye hofu akianza nayo anajinyima pumzi zote tatu, anatumbukia kwenye hotuba moyo ukiwa kooni.

Mshenga ana mtihani mgumu kuliko wa MC. Hana kipaza sauti wala muziki wa kumfichia kigugumizi. Sebule ni ndogo, na wazee wa upande wa binti wananyamaza makusudi. Mshenga mchanga hauwezi ukimya huo. Anaujaza maneno: anaeleza kazi ya kijana, anaisifu familia, anataja hata kiwanja alichonunua mwezi uliopita, na kwa mdomo wake mwenyewe anaipandisha mahari. Mshenga aliyekomaa anatoa salamu, anasema alichotumwa, anaweka mikono magotini na kungoja. Ndani moyo unadunda vilevile. Ila anajua jambo ambalo Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walilithibitisha mwaka 2003: msemaji hudhani hofu yake inaonekana waziwazi, kumbe wasikilizaji huona sehemu ndogo tu. Katika utafiti wao, waliodokezwa hilo mapema walizungumza vizuri zaidi. Wazee wale hawasikii mapigo ya moyo wake. Wanachokiona ni mtu mwenye subira, na mtu wa hivyo hajibiwi ovyo.

Cicero, katika kitabu chake juu ya unenaji, alimpa Crassus, mnenaji mashuhuri wa Roma, maneno ya kukiri kwamba hupauka na kutetemeka aanzapo kusema. Haikuwa aibu, anayeujua ugumu wa kazi huiogopa. Mimi nina wasiwasi zaidi na MC ambaye hatetemeki tena. Huyo hufika ukumbini keki ikiwa mezani tayari, na kumwita bibi harusi kwa jina la bibi harusi wa Jumamosi iliyopita. Mwoga amefika mapema. Ameuliza majina, ameyaandika kiganjani kwa kalamu, na sasa yuko nyuma ya ukumbi na shangazi mmoja wa Nakonde, akiyatamka majina ya ukoo wa bwana harusi hadi shangazi aridhike.