Kontena la futi 20 na AC ya BTU 9,000: ubaridi unaanzia paani

Kando ya Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam, kuanzia Mtoni hadi Mbagala Rangi Tatu na kuendelea Kongowe, na upande wa pili wa jiji kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, Tegeta hadi Bunju, kontena la futi 20 limekuwa jengo la biashara la watu wengi. Likishastaafu kazi ya melini hukatwa dirisha kwa grenda, huchomelewa mlango, hupigwa rangi, likawa saluni, ofisi ya wakala wa fedha, stesheneri au duka la vipodozi. Ni imara, mwizi halivunji kirahisi, na mwenye kiwanja akitaka eneo lake linabebwa kwenda kwingine. Shida yake ni kwamba mchana halikaliki. Hapo ndipo mwenye biashara anapofunga safari ya Kariakoo kutafuta AC.

Dukani huulizwa ukubwa wa chumba. Kontena hilo lina takriban mita 14 za mraba kwa ndani. Kanuni ya haraka inayotumika katika nchi nyingi ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo jibu ni 8,400, na mashine ya karibu zaidi ni ya BTU 9,000. Inafungwa, na jioni inafanya kazi vizuri. Ikifika Februari, saa nane mchana, inanguruma bila kupumzika na watu wanaendelea kutokwa jasho. Mwenye duka anashauriwa apande hadi 18,000, kisha 24,000. Kila hatua ni fedha, na kila hatua inazidisha matumizi ya uniti.

Ninachotaka kuonyesha katika uchambuzi huu ni kwamba ile ya 9,000 haikuwa ndogo. Kanuni ya dukani ilitungwa kwa chumba cha tofali chenye dari, na hapa imepewa sanduku la chuma lililo wazi kwa jua. Sanduku likitayarishwa kwanza, 9,000 inatosha. Lisipotayarishwa, hata 24,000 itahangaika.

Hesabu ya joto

BTU ni kipimo cha joto. Mashine ya BTU 12,000 huitwa ya tani moja kwa sababu inaondoa joto sawa na lile linaloyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907, kwa saa 24. Kwa upande wa umeme, kila wati moja ya joto inayoingia chumbani inadai BTU 3.4 kwa saa ili itoke. Swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuwa hili: wati ngapi zinaingia ndani, na zinapitia wapi?

Tuchukue kontena tupu, la rangi iliyokolea, lililowekwa uwanjani bila kivuli, nje kukiwa na nyuzi 32, na ndani tunataka nyuzi 26. Paa lina karibu mita 15 za mraba. Dar es Salaam ipo nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na katika miezi ya kaskazi halikai mbali na utosi. Jua la namna hiyo humwaga wati zipatazo 950 kwenye kila mita ya mraba ya paa. Bati la kontena lina unene wa milimita mbili tu au pungufu. Linapata moto hadi kukaribia nyuzi 65, na upande wa ndani linakuwa kama pasi iliyoning'inizwa juu ya vichwa vya wateja.

Kwa hesabu yangu, paa hilo peke yake linaingiza karibu wati 2,800. Kuta, zenye jumla ya mita za mraba 44, zinaingiza kama 3,100. Hewa ya nje yenye unyevu, inayoingia mlango unapofunguliwa, inaongeza 650. Watu watatu wanatoa 350, na kompyuta, printa na taa 300. Jumla ni wati 7,200, yaani BTU 24,600 kwa saa. Angalia mgawanyo wake: watu na vifaa, ambavyo ndivyo vinavyolengwa na biashara, havifikii hata sehemu moja ya kumi. Asilimia 80 ya fedha ya umeme inatumika kupambana na chuma kilichopigwa na jua.

Hali hii haipo Mbagala peke yake. Wamarekani wenye trela ndogo za kusafiria na kulala hufunga juu ya paa AC ya BTU 13,500 au 15,000 kwa nafasi isiyozidi sana kontena letu. Sababu ni ileile: kuta nyembamba, paa jepesi, na maegesho ya juani.

Kulitayarisha sanduku

Kazi ya kwanza ni kivuli. Fremu ya chuma au mbao inasimamishwa juu ya kontena na kuezekwa mabati yanayopita kingo kwa nusu mita au zaidi, huku kukiachwa pengo la sentimita 30 au zaidi ili upepo upite katikati. Bati la juu linapokea jua, upepo unabeba joto, na paa la kontena linabaki karibu na joto la hewa. Wazee wa pwani walilijua hili kwa makuti: paa nene, lenye mwinuko, linalopitisha hewa. Juu ya kontena lenye nyaya za umeme makuti yana hatari ya moto, lakini mantiki yake bado ni sahihi. Asiyeweza kujenga paa la pili apake juu rangi nyeupe, kwani nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na aifute vumbi mara kwa mara isije ikageuka kahawia.

Kazi ya pili ni kuzuia joto ndani. Yale maboksi meupe ya povu gumu yanayofungashia televisheni yana ndugu zake wanaouzwa kwa vibao. Kibao cha unene wa milimita 50, kikifunikwa kwa plaiwudi au jipsamu, kinapunguza joto linalopita ukutani hadi karibu sehemu moja ya kumi. Ugumu upo kwenye mikunjo ya ukuta wa kontena. Kibao kilichonyooka kinaacha mianya kwenye kila bonde, na usiku chuma kikipoa, mvuke ulio ndani unafika kwenye mianya hiyo na kuwa maji. Mabaharia wanalijua jasho hili la kontena, linaloharibu hata shehena ya kahawa. Kwa hiyo povu ligandishwe moja kwa moja kwenye chuma, mabonde yajazwe vipande au povu la kupuliza, na viungo vyote vizibwe. Fundi anayesimamisha mbao za mbili kwa mbili, akachomeka vibao bila kuziba, kisha akafunika kwa jipsamu, ameficha tatizo mahali ambapo litaozesha mbao kimyakimya.

Kazi ya tatu ni mlango na mwelekeo. Mkanda wa mpira kuzunguka mlango na silikoni kwenye dirisha ni vitu vya gharama ndogo. Na kama eneo linaruhusu, urefu wa kontena uelekee mashariki na magharibi, ili jua la alasiri lipige upande mfupi, wenye mita sita tu za mraba, badala ya ubavu wenye karibu mita 16.

Sasa turudie hesabu. Paa lililo chini ya kivuli na lenye povu linaingiza wati kama 100. Kuta ni 250. Dirisha, mlango na mahali chuma kinapopenya tuvipe 500. Hewa, watu na vifaa vinabaki 1,300. Jumla ni wati 2,150, takriban BTU 7,300. Mashine ya 9,000 inaimudu kazi hiyo na kubakiwa na akiba.

Biashara ikibadilika, hesabu nayo ibadilike. Drai moja ya kofia ya saluni inatumia karibu wati 1,000, na zote zinaishia kuwa joto chumbani: BTU 3,400. Saluni yenye drai mbili inayofanya kazi kutwa inahitaji mashine ya 18,000 hata kama kontena lake limetayarishwa vizuri. Tena AC ya kawaida ya vipande viwili haileti hewa mpya, inazungusha ileile. Penye dawa za nywele lazima kuwe na feni ndogo ya kutolea hewa.

Kubwa kupita kiasi nayo ni kasoro

Wapo wanaosema, "Chukua kubwa tu, itapoza haraka." Kwa mji wa pwani ushauri huo una madhara. Mashine ya kwanza ya kisasa ya aina hii, iliyobuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ilikusudiwa kudhibiti unyevu ulioharibu karatasi. Kukausha hewa ni sehemu kubwa ya kazi ya AC, hasa Dar es Salaam. Unyevu unatoka pale tu hewa inapopita kwa muda mrefu kwenye koili baridi, ikadondosha maji. Mashine kubwa katika chumba kidogo inashusha joto kwa dakika chache na kuzima kabla maji hayajatiririka kwenye bomba. Matokeo yake ni ubaridi wa kunata, karatasi za stesheneri zinazolegea, na ukungu nyuma ya rafu. Ukitaka kujua kama AC yako inafanya kazi, tazama bomba la maji mchana: lidondoshe mfululizo.

Umeme wa mwisho wa laini

Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na mgao ukapungua. Lakini volti inayofika dukani inategemea pia transfoma ya mtaa na waya uliokufikia. Makontena mengi huvuta umeme kutoka nyumba ya jirani. Waya wa milimita 1.5 wa umbali wa mita 40 una ukinzani wa karibu omu moja kwenda na kurudi. AC ya kawaida ya 24,000 inatumia ampea 10 ikiwa inaendelea, lakini wakati wa kuwaka inaweza kuvuta 55. Hapo volti zaidi ya 50 zinapotelea kwenye waya, na kompresa inayohitaji 230 inapata chini ya 180. Inakwama, inapata moto, na siku moja inaungua. Mashine ya inveta ya 9,000 huanza taratibu na kutumia ampea tatu na nusu hivi. Kwenye waya uleule inapoteza volti zisizozidi nne.

Jambo moja halina mjadala: kontena ni chuma kitupu. Hitilafu ndogo ya waya inaweza kulitia umeme sanduku zima, na mteja akaligusa akiwa amesimama kwenye tope. Fimbo ya eathi ichimbiwe, iunganishwe na mwili wa kontena, na paneli iwe na kikata umeme kinachohisi uvujaji. Hili litangulie kabla ya kuwaza ubaridi.

Bili nayo ina lake la kusema. Bei ya umeme ya kundi la T1, la matumizi ya kawaida, iliyowekwa mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, na tozo za REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unafika kama 356. Mashine ya kawaida ya 24,000 katika kontena tupu, kwa saa kumi za biashara, inaweza kula uniti 18 kwa siku, zaidi ya shilingi 6,400. Inveta ya 9,000 katika kontena lililotayarishwa inakula tano hadi sita, kama shilingi 2,000. Kwa siku 26 za kazi tofauti inapita shilingi laki moja, kila mwezi wa joto. Hiyo ni fedha inayoweza kurudisha gharama ya mabati na povu, kisha ikaendelea kubaki mfukoni.

Mashine ipi

Ile ya magurudumu yenye bomba moja la kutoa joto nje iachwe. Inasukuma hewa ya chumba nje, na nafasi yake inajazwa na hewa ya moto kupitia kila upenyo: ni kutia maji kwenye pakacha. Ya dirisha inafaa kwa anayehamahama, ila inadai tundu kubwa na kelele zake ni nyingi. Kwa ofisi itakayokaa mahali pamoja, chaguo langu ni ya vipande viwili, ya inveta, yenye gesi ya R32. Za mtumba zenye R22 ni mtego: chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiondoa gesi hiyo sokoni kufikia mwaka 2030, na kila mwaka kuijaza kutakuwa kugumu zaidi.

Mashine ya nje iwekwe kivulini, iwe na nafasi ya kupumua, na kizimba cha nondo kinachozuia wezi wa kopa kisizuie hewa. Karibu na bahari, Kunduchi au Mbezi Beach, uliza koili iliyopakwa rangi ya kinga dhidi ya chumvi. Fundi atoe hewa kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu, asipulize kwa gesi. Chujio lioshwe kila wiki mbili, kwa sababu vumbi la barabara za mitaa yetu halina huruma. Kisha weka nyuzi 25 au 26 na washa feni ndogo. Kuweka 16 hakuharakishi ubaridi, kunaongeza uniti tu.

Mfumo wetu wa kugawana kazi ndio unaowaumiza wafanyabiashara hawa. Fundi wa kuchomelea anakabidhi kontena na kuondoka, muuza AC hajawahi kuliona, na fundi wa kufunga anaitwa wakati fedha imekwisha. Wote watatu waulizwe mapema, kabla grenda haijagusa chuma. Anayeanza leo na mtaji mdogo agawe fedha yake kwa mpangilio huu: eathi, kivuli, povu, mkanda wa mlango, na AC mwishoni. Ikiwa fedha haitoshi vyote, AC ndiyo isubiri. Kontena lenye paa la pili na feni linavumilika Februari, na siku fedha itakapopatikana, mashine ndogo ya 9,000 itakuwa imeandaliwa chumba inachokiweza.