Kidole Gumba cha Muuguzi

Mtoto aliyevimba kwa utapiamlo huweza kuwadanganya hata wanaompenda. Mashavu yamejaa, na akining'inizwa kwenye mizani ya kliniki kilo zake hazitishi. Muuguzi mjuzi haridhiki. Huinama, akaweka vidole gumba juu ya miguu yote miwili, akabonyeza kwa sekunde tatu, kisha akaachia. Vikibaki vishimo pande zote mbili, kilo zile hazitegemewi tena: ni maji. Mtoto huyo ana utapiamlo mkali hata kama utepe wa mkono unaonyesha kijani.

Halafu humgeukia mama: "Mdogo wake ana miezi mingapi?" Swali hilo lina historia. Daktari Cicely Williams, alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1933 huko Gold Coast, Ghana ya leo, aliona unawapata watoto walioachishwa ziwa baada ya mdogo wao kuzaliwa, wakabaki na uji mtupu wa mahindi.

Utepe wenyewe unataka adabu. Hupimwa katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegea, utepe usibane wala usining'inie. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na kijani huanzia 12.5. Sentimita moja tu! Aliyevuta kwa haraka amemtia mzima ugonjwani. Aliyelegeza amemrudisha mgonjwa nyumbani. Urefu nao una masharti yake: aliye chini ya miaka miwili hulazwa ubaoni, mkubwa wake husimama.

Kwa mtu mzima hesabu ni nyepesi, uzito ukilinganishwa na kimo. Mjamzito hesabu hiyo haimfai, kwa kuwa mizani inampima yeye na aliyemo tumboni, hivyo muuguzi hurudi kwenye mkono.

Wazee ndio ninaotamani watazamwe zaidi. Mgongo ukishapinda, kimo hakipimiki. Muuguzi hupima kutoka kisigino hadi goti, akakisia kimo kwa hesabu. Huzungusha utepe kwenye shavu la mguu, na chini ya sentimita 31 humtia wasiwasi. Ila ustadi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko katika kuuliza. Ukimwuliza bibi kama anakula vizuri, atakujibu anakula, hataki kuwasema watoto wake. Muuguzi huvuta kiti.

"Shikamoo, bibi. Jana usiku ulikula nini?"

"Marahaba. Chai."

"Chai na nini?"

"Chai tu, mjukuu wangu. Meno yenyewe yako wapi?"

Hapo ndipo matibabu yanapoanza, na hakuna mashine iliyoyaanzisha.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usione foleni ya kliniki inakupotezea muda. Mwache muuguzi abonyeze, apime, aulize. Wala usiondoke kabla hajakuonyesha kwenye kadi mstari wa mwanao unaelekea wapi.